Malaika Hana Miguu

Bibi yangu Nesta alinifundisha kupiga kinubi kwa sheria moja: watu wasione kazi yake. Gauni lifike chini, lifunike makanyagio yote saba ya kubadilishia sauti yaliyo chini ya kinubi, na uso utabasamu.

"Malaika hana miguu," alikuwa akiniambia, huku akinisukuma mgongo ninyooke.

Nilivumilia miaka ishirini. Halafu nikatunga muziki wa kinubi peke yake, wa kupigwa kanisani kwetu, kuhusu mwili wa mwanamke anayekipiga: magoti wazi, miguu pekupeku, pumzi zinasikika. Na mahali pamoja kwenye nota nimeandika kabisa, "Guna."

"Ugune? Kanisani kwetu?" Bibi aling'aka. "Sikiliza, Lleucu. Kinubi ni changu. Ukinitia aibu mbele ya watu wa mji wetu wa Bala, Wales nzima isikie, kesho yake kinahamia kwa Meinir."

Meinir ni binamu yangu. Hupiga kwenye harusi na hatoki jasho hata tone. Kinubi kile nakipenda kuliko ndugu zangu wengi, na yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha ya ndugu hao.

Jumamosi mchana kanisa lilijaa. Bibi alikaa mbele, mkoba mapajani. Nikapandisha gauni hadi magotini, nikaanza. Nikakanyaga kwa kishindo, nikavuta nyuzi nene kwa bega zima, nikahema. Nilipofika palipoandikwa, nikaguna.

Bibi akainuka. Nikajua anaondoka, na kinubi kimeondoka naye. Kumbe anakuja! Akafungua mkoba, akatoa peremende, zile zake za wakati wa mahubiri, akanitia moja mdomoni.

"Nyonya, mwanangu. Ni tumbo?"

"Bibi, ni muziki!"

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya utunzi. Nikamaliza na peremende shavuni.

Baadaye, kwenye chumba cha nyuma, Bibi aliacha chai yake ipoe. Akainama, akavua kiatu na soksi. Sikuwahi kuona miguu yake. Kidole gumba kilikuwa kimepinda vibaya.

"Kanyagio," akasema. "Mwaka wa sitini na nane, ukumbi umejaa. Kidole kilivunjika katikati ya wimbo. Nikatabasamu mpaka mwisho."

"Hata kuguna hukuguna?"

"Ningegunaje, mjinga wewe? Nilikuwa malaika." Machozi yalikuwa yakimlenga. Akavaa soksi polepole. "Kinubi kaa nacho. Lakini pale pa kuguna ni pafupi mno."