Kilio cha Kristina Kwenye Kibuyu

Wanawake wa Sepuka walikuwa wakipalilia mtama wa kijiji Luciana alipoteremka kwenye lori kutoka Singida, amekumbatia kibuyu cha maziwa.

"Ana hatia," akasema.

Majembe yakatupwa chini, vigelegele vikapaa. Hata msimamizi wa shamba, mtu wa kununa tangu jogoo la kwanza, alisema kazi ya ujamaa iishie hapo kwa leo.

Mwenye hatia ni Alute, aliyemuua mkewe kwa mpini wa jembe. Mkewe alikuwa Kristina, binti pekee wa Luciana. Tangu watu wahamishiwe hapo, nyumba zimepangwa mstari mmoja. Ukikohoa, nyumba ya tatu wanakwambia pole. Jioni ile Kristina alilia na kijiji kizima kilisikia. Lakini hapa kuna yowe na kuna kilio. Likipigwa yowe la simba au la wezi wa ng'ombe, mwanamume asiyetoka na fimbo hutozwa mbuzi. Kilio cha mke ndani ya nyumba ya mumewe si yowe. Basi watu wakaendelea na ugali wao.

Kilio kilikosa wa kukiitikia, kikabaki. Luciana alipofika asubuhi kumwosha mwanawe, alikikuta kimejikunyata juu ya boriti za tembe, kimechoka. Akakishusha taratibu, akakitia ndani ya kibuyu na kukiziba kwa gunzi la mahindi.

Mahakamani, majirani walisema walikuwa wamelala. Kusema uongo mbele ya Msahafu na Biblia, ilhali jua la jioni ile lilikuwa halijazama! Jaji akaamuru kibuyu kifunguliwe. Kilio kikatoka, kinanuka mtindi kidogo, kikaeleza yote tangu pigo la kwanza, kisha kikarudi kibuyuni. Wakili wa Alute akafunga faili lake.

"Mama, kirudishe nyumbani," jaji alisema baada ya hukumu. "Bado hakijaitikiwa, na hiyo si kazi ya mahakama."

Luciana alilijua hilo. Kila magharibi, tangu azikwe, Kristina alikuja kukaa kizingitini kwa mama yake, kichwa amekifunga kanga, akisubiri. Alikuwa hajapumzika, na mama anayemwona mwanawe hivyo hapumziki naye.

Alasiri pombe ya mtama ikatolewa, ngoma ikawambwa. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kijiji, akasimama. "Haki imetendeka. Kijiji chetu kimeshinda." Wakampigia makofi mengi.

"Mwenyekiti," Luciana akasema, "kabla hatujanywa, kuna kitu chenu hapa." Akachomoa gunzi.

Kilio kikapita juu ya vichwa vyao, kikaenda moja kwa moja hadi nyumba tupu ya Alute. Mzee Mughwai aliinamisha kichwa akasikiliza, kama anayetafuta stesheni ya redio.

"Hilo si yowe," akasema bila ubaya. "Ni mke wa mtu."

Stumai, aliyekuwa jirani wa Kristina ukuta kwa ukuta, na aliyekula kiapo kwamba alilala, aliokota mchi wake akakimbia. Wanawake wote wakamfuata na majembe, wenye watoto mgongoni nao hawakubaki. "Tumekuja, Kristina! Tumekuja!"

Kilio kikanyamaza. Kristina alikuwa mlangoni. Akawatazama mmoja mmoja, akacheka, akaomba pombe. Alikunywa kata nzima, akajifuta mdomo, akamwambia mama yake, "Sasa naenda kulala." Akaenda zake. Luciana alicheza mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, na hakujali. Sepuka haikuwa imewahi kuona furaha ya namna ile.

Jua lilipoelekea kuzama, kilio kingine kikatoka nyumba ya mwisho ya mstari, kwa Esta. Ngoma ikasita. Wanaume wakainamisha vichwa.

"Si yowe," Mzee Mughwai akasema, na ngoma ikaendelea.

Stumai alimtazama mumewe, aliyekuwa akimtazama. Akaulaza mchi chini, akakaa.

Luciana akauokota mchi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akachukua kibuyu na gunzi lake, maana hakujua kipi kitahitajika, akashika njia kwenda kwa Esta.