Kompyuta Iliyorudishwa Mara Moja

Usiku wa jana niliota nimefika dukani kununua kompyuta mpakato ya gemu, na boksi lake likanipokea mlangoni, likaniambia nivue viatu.

Nilivivua. Sikuona ajabu, kwa kuwa safari yenyewe nilikuwa nimeipanga nikiwa macho. Ninasoma mwaka wa nne wa usanifu majengo hapa Mbeya, nami nimewaahidi akina mama wanaouza ndizi katika soko la Iwambala kwamba Jumatatu ijayo, mbele ya madiwani, nitawaonyesha soko lao jipya lenye paa, mifereji na choo chenye mlango, katika picha ambayo mtu anaweza kutembea ndani yake kwa macho. Kompyuta za maabara ya chuo haziwezi picha ya namna hiyo; zikifika kwenye paa zinazima. Mashine za gemu zinaweza. Na lipo duka karibu na stendi linalouza mashine hizo kwa punguzo, zile ambazo boksi limeshafunguliwa kwa sababu mtu alinunua kisha akarudisha. Duka hilo, tofauti na mengine yote ninayoyajua mjini, hupokea mali ndani ya siku saba bila kumuuliza mtu swali.

Mwenzangu wa chumbani, Rukia, ndiye aliyeziunganisha habari hizo mbili. Alinishauri ninunue Jumatatu, nichore usiku na mchana, nirudishe Jumapili, na fedha yangu ya mafunzo kwa vitendo ibaki salama.

"Si wizi, Subi," alisema. "Ni sheria yao wenyewe."

Nilimjibu kwamba kazi ni ya jamii, kwa hiyo hata duka litakuwa limechangia. Nikalala nikiwa nimeridhika kabisa na jibu langu.

Basi nikaingia peku. Boksi lilikuwa limefunguliwa na kwa sababu hiyo halikuweza kunyamaza. Liliniongoza hadi kaunta huku likinieleza kwamba lilifunguliwa siku ya Ijumaa kwa kisu cha mezani, na kwamba kisu hicho kilikuwa na siagi.

Nyuma ya kaunta alisimama Bwana Mwaisumo, mwenye duka, ambaye hata nikiwa macho ninamfahamu kwa koti lake la kijivu na kalamu iliyo nyuma ya sikio. Katika ndoto alikuwa na mkasi nyuma ya sikio la pili.

"Punguzo ni asilimia thelathini," akasema. "Tulitoe wapi?"

Niliuliza kama halitoki kwenye bei. Akanitazama kwa huruma. Bei, alinieleza, ni maandishi tu na haina nyama. Kinachokatika ni mali. Akanisogezea kibodi ya kompyuta, nichague herufi ninazoweza kuishi bila hizo.

"Q na X," nikasema haraka.

"Kila mtu hapa mjini anatoa hizo hizo," akasema, akanionyesha chini ya kaunta ndoo mbili zilizojaa Q na X hadi ukingoni, zikinong'onezana kwa lugha nisiyoielewa. Akakata X. Q hakuiona. Alipapasa kibodi yote, akatikisa mashine, akainusa, kisha akaweka X peke yake juu ya mzani. Mzani ukafika thelathini na kusimama. Alisema si ajabu, kwa sababu herufi ambayo haijawahi kutumiwa huwa bado na uzito wake wote.

Ndipo kompyuta ilipoamka. Ilikuwa nyeusi, na chini ya herufi zake taa zilipita nyekundu, kijani na buluu kama gari la maharusi. Nilisita namna ya kuisalimu. Kwa umri nilikuwa mkubwa wake, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," ikaitikia bila kusita. "Wewe ni wa siku ngapi?"

Nikasema sijalielewa swali. Haikukasirika. Ilinisimulia kwamba mnunuzi wake wa kwanza alikuwa wa siku sita. Aliichukua kwa ajili ya mashindano ya kandanda ya kwenye kioo, nao wakafika fainali.

"Aliyekimbia ni mimi," ikasema. "Yeye alikaa kwenye kochi. Alipokabidhiwa kombe akanirudisha, hata jasho hakunifuta."

Boksi likathibitisha kwamba lilikuwapo na liliona.

Kila aliyewahi kununua globu katika mji wetu anakijua kilichofuata. Muuzaji huitoa globu kwenye kiboksi chake, huifunga kwenye ubao wa kujaribia ulio juu ya kaunta, inawaka, nanyi wawili mnaitazama kimya kwa sekunde tatu, kama watu wanaoonyeshwa mtoto mchanga. Kisha inarudi ndani ya kiboksi. Hakuna anayeondoka na kitu ambacho hakikuwaka mbele yake. Ninaupenda sana utaratibu huo. Niliwahi hata kuuandikia insha.

"Mteja kwanza," anasema Bwana Mwaisumo.

Ananishika mabega na kunizungusha kulia mara tatu. Nyayo zangu zinaingia kwenye ubao na kukaza. Anabonyeza swichi na kuniuliza nitakaa na mashine hii kwa muda gani.

"Maisha yangu yote," ninajibu.

Siwaki.

"Labda umeme umekatika," ninasema.

"Umeme upo," linasema friji la soda lililo pembeni, na linanguruma kidogo ili kuondoa shaka.

Bwana Mwaisumo ananizungusha kushoto mara tatu, ananishusha sakafuni. Hana ubaya wowote usoni. Anasema kitu kisichowaka hakiuzwi, na mtu asiyewaka hauziwi, lakini kabla sijakata tamaa nipite mlango wa nyuma nikamwone mwenzangu.

Mlango wa nyuma ulifungukia uwanja wa mpira wa shule yangu ya msingi. Katikati ya uwanja palikuwa na dirisha lisilo na ukuta, juu yake pameandikwa MAREJESHO, na nyuma yake ameketi muhuri mkubwa wa mpira aliyevaa tai. Watu walipanga foleni kwa utulivu. Mzee mmoja alirudisha mwavuli kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Bwana na bibi harusi walirudisha viti mia mbili pamoja na wajomba watatu. Mwanafunzi mmoja wa darasani kwetu alirudisha mhadhara wa Alhamisi akiapa kwamba hakuufungua, na muhuri akamwamini mara moja.

Mbele yao wote nilisimama mimi.

Alikuwa mimi wa Jumapili ijayo. Alikuwa amekonda kidogo, amekumbatia boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi kwa unadhifu ambao mimi huutumia kwenye kazi za mitihani. Nikamsalimu.

"Usinisalimie mbele za watu," akasema bila kugeuka.

Muhuri akalifungua boksi na kusoma kanuni kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma mara nyingi: kinachorudi kinarudi pamoja na kila kilichotoka ndani yake. Akaanza kuvuta. Likatoka paa la soko la Iwambala, bati baada ya bati, likijikunja kama mkeka. Ikafuata mifereji. Ukafuata mlango wa choo ukiwa bado na komeo.

Upande wa pili wa paa, akiwa ameshika ncha yake kwa mikono miwili, alikuja Mama Lusajo. Yeye ndiye mwenyekiti wa wauza ndizi. Nikiwa macho, sijawahi kumwona siku ya mvua bila mwavuli, na sijawahi kuuona mwavuli huo ukimkinga yeye. Huikinga mikungu, naye hujitanda kanga hadi usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili paa linakwenda wapi?"

"Linarudi dukani, mama."

"Na kesho wakubwa wakija, wataona nini?"

Mvua ikaanza kunyesha, juu ya ndizi peke yake. Nilitamani anigombeze. Badala yake aliniomba nimshikie upande wa kulia tulikunje vizuri, lisije likakwaruzika njiani, maana ni mali ya watu.

Nikalishika paa. Nilipolivuta mara ya kwanza uwanja ulikuwa bado uwanja. Mara ya pili nyasi zilikuwa sakafu ya duka. Mara ya tatu nipo juu ya ubao wa kujaribia, nyayo zimekaza, na Bwana Mwaisumo ameweka kidole kwenye swichi.

"Siku sita," ninasema kabla hajauliza. "Siku ya saba ningeirudisha. Nilitaka kuitumia bila kuinunua, nikaliita jambo hilo kazi ya jamii ili nilale."

Ninawaka.

Si sana. Ni mwanga wa taa ya banda la vifaranga. Lakini Bwana Mwaisumo, kompyuta, boksi na friji wananitazama kimya kwa sekunde tatu kamili.

"Anawaka," anasema Bwana Mwaisumo. "Unanunua?"

"Sinunui," ninasema. "Fedha niliyonayo ina kazi nyingine, nami nilijua hivyo tangu mwanzo."

Kompyuta haikunilaumu. Ilianza kuzima taa zake moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayekunja nguo zake kabla ya safari. Boksi lilijisogeza, likakaa tayari. Kwa mara ya kwanza lilikuwa kimya, na ukimya wake ulinikera kuliko maneno yake yote.

Nikainua macho nisiitazame. Ukutani, juu ya friji, palikuwa na kibao ambacho nimekisoma mara nyingi nikiwa macho: MTEJA AJARIBU MALI MBELE YA MUUZAJI HADI ARIDHIKE.

"Bwana Mwaisumo," nikasema, "mtu huridhika baada ya muda gani?"

Akakigeukia kibao. Alikisoma kwa makini kama kitu kilichoandikwa na adui, ingawa mwandiko ulikuwa wake.

"Haijasemwa," akakiri.

"Haijasemwa," likasema friji.

Ndipo nikatoa ombi langu nikiwa bado ninawaka. Niliomba niijaribu pale pale juu ya kaunta, mchana, mlango ukiwa wazi, kila apitaye akiona. Mashine ikiweza kubeba soko zima na paa lake, hakuna mteja atakayeuliza tena kama ni nzima. Akitokea mnunuzi wa kweli kabla sijamaliza, nitainuka na kumpisha.

Bwana Mwaisumo alichana masharubu yake kwa mkasi akifikiri.

"Jasho?" akauliza.

"Nitalifuta kila jioni."

Akaitazama kompyuta. Kompyuta ikawasha taa moja tu, ya kijani.

Nikachora. Katika ndoto kuchora ni rahisi sana, na ningependa wahadhiri wangu wakifikirie kipengele hicho. Nguzo ninazozichora zinasimama juu ya kaunta, kaunta inakuwa barabara, barabara inajaa matope na baadaye inaacha kuwa na matope kwa sababu nimeweka mfereji. Kompyuta inapumua kwa nguvu kupitia feni zake lakini haisimami. Ninaweka bati la mwisho. Mvua inanyesha juu ya Iwambala nzima na inapita pembeni, kwa adabu, inaingia mferejini.

Mama Lusajo alikuja kutoka upande wa wauza mitumba. Aliligonga paa kwa kifundo cha kidole.

"Hili nalo la kurudisha?"

"Hapana, mama. Hili limechorwa mbele ya mwenye mali."

Aliligonga mara moja zaidi, kisha akaufunga mwavuli, akaishusha kanga kichwani. Nikagundua kwamba katika siku zote za mvua nilikuwa sijawahi kuuona uso wake wote.

Nilikuwa ninainuka kwenda kuukagua mlango wa choo, maana nilitaka kuwa na hakika na komeo, kompyuta iliponiita. Ilinyanyua kitufe chake kirefu cha chini kidogo tu, kama mtu anayenyanyua ukingo wa godoro, na chini yake palikuwa na Q.

"Niliificha," ikasema. "Ichukue, nenda nayo nyumbani."

Nikaiuliza kwa nini inipe mimi, mtu wa siku sita.

"Nimekwisha kurudishwa," ikasema. "Hakuna aliyewahi kunirudia."

Nikaiweka kiganjani, nikakunja ngumi.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka na Rukia alikuwa ameshachemsha chai. Aliniuliza ninakwenda saa ngapi kuchukua mashine. Nikamwambia sinunui tena. Ninakwenda kumwomba Bwana Mwaisumo nichoree dukani kwake, juu ya kaunta, nikimweleza wazi kwamba sina uwezo wa kuinunua. Rukia alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Akikataa je, Subi?"

"Atakuwa amenisikia kwanza."

"Haya, kunywa chai, mheshimiwa."

Nilinyoosha mkono wa kulia kupokea kikombe, nao haukufunguka. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa ganzi. Nikavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, Rukia akinitazama.

Katikati ya kiganja kulikuwa na kitufe kidogo cheusi chenye herufi Q.

Chumba chetu kina kibodi moja tu, ya kompyuta ya zamani ya Rukia. Aliitoa chini ya kitanda, tukaikagua pamoja dirishani. Q yake ilikuwa mahali pake, na vumbi juu.

Rukia alivichukua viatu vyangu kando ya mlango, akaniletea.

Duka hufunguliwa saa mbili. Nimemeza chai ikiwa bado ya moto, kwa sababu kuna kitu cha watu ninachotaka kukirudisha.