Vuta Kushoto

Pikapu ya Mansour ilikuwa na tabia zake, na Mansour alikuwa na tabia ya kutozisema. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Mshale wa mafuta ulikaa nusu tangu siku aliyoinunua, na hata aliyemuuzia hakujua ulikwama lini. Asubuhi za baridi stata ilitaka kugongwa nyundo mara mbili, siyo mara tatu, maana ya tatu iliinunisha. Ukimwuliza Mansour kwa nini haitengenezi, alikujibu kwamba gari lake halina ugonjwa wowote, wewe ndiye hujui kuzungumza nalo. Watu wa Kapata, mtaa wake wa Kolwezi, walicheka chini kwa chini tu, kwa sababu Mansour alikuwa mwepesi wa hasira, na kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja Hilux ile nyeupe ilikuwa imewabebea magodoro, mahindi, maharusi na maiti wao.

Lakini ilikuwapo tabia moja isiyochekesha.

Miaka miwili nyuma, kwenye barabara ya Kasaji, gurudumu la mbele kushoto lilianza kuvuja mafuta ya breki. Mansour alikuwa peke yake porini, na mzigo nyuma. Akafanya kile ambacho madereva wa njia ile hufanya wakibanwa: akakikunja kibomba cha mafuta cha gurudumu lile, akakibana kwa koleo, akakigonga kwa jiwe mpaka kikaziba. Mafuta hayakuvuja tena, na magurudumu matatu yaliyobaki yaliendelea kushika breki. Ilikuwa dawa ya siku mbili, ya kumfikisha nyumbani. Alipofika, mkewe Amisa akamwuliza kama gari limepona. Akajibu limepona kabisa, ameweka kipuri kipya. Kesho yake akaona haya kusema vingine, na kesho kutwa hivyo hivyo.

Tangu hapo, kila alipokanyaga breki gari lilikimbilia kulia, maana upande wa kushoto haukushika. Mansour akajifunza kuliwahi. Mguu ulipokwenda kwenye breki, mkono wa kushoto ulikuwa umeshauvuta usukani kushoto. Baada ya miezi michache hakuwa akifikiri tena. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyofukuza nzi.

Sasa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, tangu jeki ilipoteleza wiki tatu zilizopita akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Mahindi ya wateja yalikuwa Kasaji yakingoja. Binti yake Bilkisi, mwenye miaka ishirini na minne, akasema atakwenda yeye. Kuendesha alifundishwa na baba yake mwenyewe, na kwa sheria moja: fanya ninavyokuambia, maswali baadaye. Aliondoka gari likiwa tupu. Mansour alisimama uani akafungua mdomo amwambie ile habari ya breki, akaufunga. Angeanzia wapi, na Amisa amesimama pale pale mlangoni akimpungia mtoto mkono?

Usiku ule mvua ilinyesha, naye hakulala vizuri. Aliwaza mteremko.

Ukitoka Kasaji kuja Kolwezi, kama kilomita sabini kabla hujafika, kuna mlima unaoshuka mrefu mpaka darajani. Kulia kuna ukuta wa udongo mwekundu. Kushoto hakuna kitu, kuna korongo tu, na chini ya korongo malori na pikapu za watu yamelala yakila kutu. Ndiyo sababu madereva wanapaita Kwa Bichuma, yaani kwenye vyuma. Kwenda, unaupanda. Kurudi, tena na mzigo, unaushuka.

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya sala, alimpigia simu Bilkisi.

"Uko mu njia?"

"Bado, Papa. Banamaliza kufunga mizigo. Mifuko makumi mbili, na bamama bane."

"Sikia muzuri. Hii motokari iko na tabia. Ukiwa na mizigo, ukifinya frein, inavutaka kuume. Sasa weye, mbele haiyavuta, uvute volant kushoto. Na nguvu. Unasikia? Usingojee."

"Lakini, Papa, jana wakati ya kuja haikuvuta. Ilikuwa inasimama sawasawa."

"Jana ilikuwa bule, bila mizigo!" Mansour alipandisha sauti. "Utanifundisha motokari yangu? Kwa Bichuma, ukifinya tu, vuta kushoto. Rudilia vile nimesema."

"Nikifinya, nivute kushoto."

"Na nguvu."

"Na nguvu. Ndiyo, Papa."

Akakata simu akajisikia mwepesi. Alikuwa amesema ukweli, au nusu yake, na nusu aliyoificha haikumhusu mtu. Akanywa chai vikombe viwili. Saa tatu akaenda kupoteza muda kwa Tshimanga, fundi wa magari, jirani yake wa miaka mingi, ambaye gereji yake ilikuwa mwembe mmoja na shimo moja nyuma ya nyumba za kampuni ya madini.

Tshimanga alikuwa chini ya teksi ya mtu, miguu ikionekana. Wakaongea juu ya mvua, juu ya bei ya matairi, kisha juu ya Bilkisi. Mansour hakuweza kujizuia.

"Nimemuelezea vile ya kuikamata," akasema. "Ile kuvuta yake. Nimemuambia, ukifinya frein, volant kushoto, na nguvu."

Miguu ya Tshimanga ikaacha kucheza. Akatoka chini ya teksi akiburuta mgongo, uso umejaa grisi, akakaa chini akimtazama.

"Tata Mansour, unamuambia avute kushoto juu ya nini?"

"Juu inavutaka kuume. Ile kibomba..." Akakwama.

"Ile kibomba nilishaka kuitosha," Tshimanga akasema taratibu. "Nikatia mupya, na silinda ya mupya. Wakati ulikuwa ku hôpital. Frein inashika magurudumu yote ine."

"Nani alikutuma?"

"Mama Amisa. Alisema, umutengenezee, lakini bwana yangu asijue, atasikia haya. Nikamuuliza, umejua je? Akasema, myaka mbili naikala pembeni yake, naangalia ule mukono."

Mansour hakukasirika. Hasira ingekuwa afadhali. Alishika boneti ya teksi kwa mkono wake mzima. Aliuona mteremko kama yuko pale. Mguu wa Bilkisi unakwenda kwenye breki, breki inashika sawasawa, na mikono ya Bilkisi, mikono mitiifu aliyoifundisha mwenyewe, inauvuta usukani kushoto kwa nguvu. Kushoto kwenye korongo.

Akapiga simu. Sauti ya mwanamke wa mtandao ikamwambia kwa Kifaransa, kwa upole mkubwa, kwamba nambari haipatikani. Akapiga tena, mara sita. Kati ya Kasaji na Kolwezi kuna mapori ambayo simu ni kioo tu cha kujitazamia.

"Nimuite Mama Amisa?" Tshimanga akauliza.

"Hapana!" Na hata wakati ule, Mungu amsamehe, sehemu ya hofu yake ilikuwa hofu ya uso wa mkewe.

Tshimanga ndiye aliyempata Sadrack, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyeendesha teksi-moto, pikipiki ya abiria, kwa namna ambayo mkewe alimkataza. Mansour akapanda nyuma, plasta imebanwa kati ya kifua chake na mgongo wa mwenzake. Wakatoka Kolwezi wakipita kati ya malori ya madini, vumbi la pembeni limegeuka tope.

Njiani akili yake haikumwacha. Bilkisi ametoka saa kumi na mbili na ushei. Kwa barabara ile atakuwa juu ya mlima saa nne na nusu. Wao wawili, hata Sadrack akiiua pikipiki yake, hawafiki kabla ya saa tano. Alihesabu tena, akijaribu kumpunguzia binti mwendo: labda tope limemchelewesha, labda wale mama wameomba kusimama. Kila alivyohesabu, alikuwa amechelewa.

"Ongeza!" akapiga kelele.

"Tata, tukianguka hatutafika kabisa!"

"Ongeza!"

Aliomba dua zote alizozijua, akazichanganya. Alimwahidi Mungu kwamba ataiuza Hilux, ataichoma, hatagusa usukani tena maisha yake. Akakumbuka alivyomkaripia kwenye simu. Mtoto alikuwa amemwambia haikuvuta. Ukweli ulikuwa umeingia sikioni mwake saa kumi na mbili asubuhi, bado wa moto, naye akaufokea.

Saa tano na dakika kumi waliliona daraja. Chini, upande wa korongo, watu walikuwa wamejaa.

Mansour alishuka kabla pikipiki haijasimama. Aliteleza kwenye majani, akaanguka juu ya plasta, maumivu yakampanda mpaka kwenye meno, akaamka. Boneti nyeupe ilikuwa imechomoza kati ya vyuma vya kutu. Akaita jina la binti yake. Wanawake waliokuwa mtoni wakageuka na mikono inayochuruzika maji. Walikuwa wakitoa mihogo yao iliyolowekwa.

"Tata, kuko nini?"

"Ile motokari... nyeupe..."

"Ile? Ile iko pale tangu zamani," mmoja akamjibu, akimshangaa. "Nyoka njo banaikalaka mule."

Alikaa chini kwenye majani. Kisha akasimama, kwa sababu mlima ulikuwa bado, na kama Bilkisi hakuwa huku chini, basi alikuwa juu akija.

Waliupanda na Sadrack kwa pikipiki, katikati ya barabara, Mansour akipunga mkono mmoja hewani kama kichaa, tayari kusimama mbele ya pikapu yoyote itakayotokea. Hakuna kilichotokea. Walipofika juu, aliiona Hilux pembeni, chini ya mzigo wake wa mahindi, mawe makubwa yamewekwa mbele ya magurudumu. Mama wanne walikuwa wamekaa juu ya kitenge wakila karanga. Kioo cha kushoto cha kujitazamia nyuma hakikuwapo. Bilkisi alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono kifuani.

Mansour hakumkumbatia, ingawa ndicho kitu pekee alichotaka duniani. Alisimama mbele yake akihema.

"Mbona hukushuka?"

"Ku ile kijiji ya nyuma mbuzi ilipita," Bilkisi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejitayarisha kugombezwa. "Nikafinya frein, nikavuta kushoto vile ulisema. Motokari ikaenda mu miti, kioo ikavunjika. Nikasema, labda sikufanya muzuri. Nikajaribu tena polepole, ikaenda tena kushoto. Nikaacha volant, nikafinya tu, ikasimama sawasawa. Motokari inasema hivi, weye unasema vile. Siwezi kushuka huu mulima na bakubwa babili. Nikasema ningojee mutu anipeleke fashi kuko réseau ya simu, nikuulize."

"Tangu saa ine na nusu tunaangaliana na mulima," akadakia Mama Odile, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mkubwa kuliko wenzake. "Nilimuambia, mutoto, baba yako alisema vuta, uvute, twende. Akakatala. Mutoto kichwa nguvu!"

Mansour alimtazama yule mama aliyekuwa akilalamika kwa kuwa hai. Kisha akamgeukia binti yake, na mbele ya watu wote wale akasema.

"Frein iko muzima. Mama yako njo aliitengenezesha, miye sikujua. Nilikudanganya, Bilkisi. Ilikuwa mubaya, nikaificha."

"Tangu lini ilikuwa mubaya?"

"Myaka mbili."

Mansour alimwona binti yake anavyohesabu. Sikukuu zote mbili za Idi, familia nzima nyuma. Safari ya kumpeleka bibi hospitali. Mama yake kila Ijumaa kwenye kiti cha pembeni.

"Myaka mbili," akasema, "ulikuwa unatubeba mu hii motokari, unajua."

"Nilikuwa najua."

Alingoja alie au apige kelele. Bilkisi aliinama, akaanza kuondoa mawe, moja baada ya jingine, akiyatupa pembeni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Sadrack akaenda kumsaidia. Mama Odile, ambaye karanga zilikuwa zimemkaa kooni, akauliza kwa sauti ndogo kama sasa baba mwenyewe hatashika usukani, maadamu amefika.

Bilkisi akaufungua mlango wa abiria kwa nje, maana ndivyo pekee ulivyofunguka, akaushikilia.

"Panda, Papa. Lakini mpaka ku daraja, usiseme hata neno."

Mansour akapanda. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kukaa upande ule. Kumbe kutoka hapo mtu aliona kila kitu: usukani, mikono ya dereva, uso wake anapodanganya.

Mteremko ukaanza. Mahindi yakasukuma kutoka nyuma, injini ikalia kwenye gia ya pili, na korongo likafunguka kushoto. Kwenye kona ya kwanza Bilkisi akakanyaga breki, na mkono wa kushoto wa Mansour ukaruka wenyewe kuuelekea usukani. Binti akauona. Macho yake hayakuondoka barabarani.

Mansour akaurudisha mkono, akauweka chini ya paja, akaukalia kwa uzito wake wote. Gari lilishuka sawasawa, kona ya pili, kona ya tatu, mpaka darajani, ambapo wanawake wa mihogo waliwapungia.

"Sasa unaweza kusema," Bilkisi akamwambia.

Mansour akatikisa kichwa. Aliukalia mkono wake mpaka Kolwezi.