Malori Matatu ya Nguma

Vita vimekwisha! Likoni nzima ilikuwa barabarani ikipiga vigelegele, na Mwanarehema akawapita kama haoni mtu, mbio hadi bohari ya kampuni ya Nguma. Malori matatu yamesimama. Magunia ya vitunguu yamejaa hadi mlangoni, yananuka.

"Kambi ya jeshi imekataa kununua," Nguma akamwambia bila kumtazama. "Askari wanarudi kwao, mama. Na mimi sina mteja mwingine."

Mwanarehema akayatazama magunia. Shamba la minazi aliloachiwa na marehemu babake alikuwa ameliuza, akanunua hisa hapa kwa fedha zote. Wala hakukurupuka, wallahi! Miaka mitatu mizima alizilinganisha kampuni mbili. Ya Boga, mkamua mafuta ya nazi, ilianza na mkokoteni mmoja ikafika miwili tu. Ya Nguma ilianza na mkokoteni vilevile, ikafika malori. Boga alimwuliza, "Mafuta yangu yananunuliwa na kila mwenye jiko. Vitunguu vya mwenzangu vinanunuliwa na nani?" Mwanarehema akamcheka. Ana kijicho, mzee huyu!

Sasa akashika mhimili wa mlango, akainua uso. "Ya Rabbi," akalia, "ungeviacha vita hivi viendelee japo mwaka mmoja tu!"

Huko nje mwanamke akapaza sauti kwamba vijana waliokwenda kupigana Burma wanarudi.

Mwanarehema akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Rashid, mwanawe wa pekee, alikuwa hukohuko Burma.