Paji la Uso

...namba ileile, ileile ya mwezi uliopita na wa kabla yake, mshale wa mizani ulitetemeka kidogo kama unanionea huruma halafu ukarudi palepale ulipozoea, na yule nesi wa duka la dawa karibu na soko akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema kwa sauti ambayo wateja wote walisikia, Mama, sema ukweli, usiku wewe iko nakula nini, nikamwambia dodo, majani ya dodo, mchicha wa kuchemsha, na samaki bila njugu za kusaga, akacheka, dodo gani hiyo yenye kunenepesha mutu, na wenye foleni wakacheka naye, nami nikateremka kwenye mizani nikavaa viatu vyangu taratibu kama mtu ambaye hakusikia, ila nilisikia, mpaka sasa ninasikia, hapa katika chumba hiki cha Léontine kilichofungwa madirisha yote, jua la Arua linapiga mabati bila malipo, sufuria ya maji ya moto inafuka pembeni, jasho linanitoka mpaka kwenye kope, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, mikono juu, na Léontine anapita katikati yetu miguu mitupu akisema kwa Kiswahili chake cha Bunia, vuta hewa ba-mama, vuta, acha itoke, yoga haiko vita, na mimi kimoyomoyo ninamjibu, kwangu ni vita dada, na nimeshindwa, leo ndiyo mwisho, darasa likiisha nitakunja mkeka wangu nimwambie ahsante, umejitahidi, mwili wangu umekataa... maana nimeacha sukari, nimeacha mandazi ya asubuhi, enyasa, ule ugali wa muhogo, niliyolelewa nayo ninawapikia watoto kisha ninakaa mbali nayo kama mtu aliyegombana na ndugu yake, Kamisi mwanangu ananiuliza, Mama, mbona huli na sisi, na huyu Christelle hapa mbele yangu, muuza vitenge, tulianza naye wiki ileile moja, leo anavaa suruali ya binti yake, kiuno kimejitokeza kama cha msichana, na anakula chapati mlangoni kabla ya darasa, nimemwona kwa macho yangu, chapati mbili zilizokunjwa, sasa Mungu niambie... badilisha mguu, anasema Léontine, polepole, nami ninabadilisha, goti linakaa sawa, na Nasiri je, kaka yangu, jana usiku alipiga simu kutoka Koboko, Shamira, Jumamosi usichelewe, dua ya mwaka ya baba, mashehe wanafika mapema, na kabla sijajibu akaongeza, bado unaenda kwa ile sala ya Wahindi, nikasema ni mazoezi Nasiri, mazoezi tu, akasema haya, kiti chako nimekiweka tayari, cha mbao hii safari, siyo cha plastiki, alisema kwa upole, hakutaka kuniumiza, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba kaka yangu amekaa na kufikiri akatafuta kiti cha mbao... kwa sababu ya siku ile ya msiba wa baba, mwaka jana, uani kwake, wanawake tumejipanga safu kwa swala ya alasiri, wote chini kwenye majamvi isipokuwa mabibi watatu na mimi, mimi nina miaka arobaini na mmoja nimekaa mwisho wa safu na mabibi wasioona vizuri, toka nilipomzaa Kamisi magoti yangu yalikataa, tumbo likakataa, nikainama sikufika, nikalazimisha sikuinuka, basi nikawa mtu wa kuswali kwenye kiti, na siku ile katikati ya rakaa ya tatu miguu ya kile kiti ikaanza kutanuka, nikaisikia, tena nikaisikia, sikutaka kukatisha swala, ikatanuka mpaka nikafika chini kwa kishindo hata kuku wakaruka, wanawake wanne waliacha swala yao wakaja kuninyanyua, wakashindwa, akaja wa tano, na Mama yangu, mjane wa siku tatu, alisimama pale na kanga yake nyeusi akaziba mdomo, nikadhani analia, alikuwa anazuia kicheko, maskini Mama, siku tatu hajatabasamu, na mimi ndiye niliyemchekesha, usiku akanishika mkono akasema, mwanangu, usichukie mwili wako, sisi tulipokimbilia Kongo wakati ule wa vita mtoto mnene alikuwa mtoto aliye hai, nikamwambia Mama, mimi sio mtoto tena, na wiki hiyohiyo niliporudi Arua nilikuja mtaa huu wa Ediofe kumtafuta huyu Mkongomani ambaye nilisikia anafundisha watu kutoka jasho... na jasho limetoka, hakuna wa kunidai jasho, hata nesi asinidai... Sasa shuka, anasema Léontine, pozi ya mutoto, ba-mama, magoti chini, makalio kwa visigino, paji la uso chini, pumuzika, na hii ndiyo sehemu yangu, ya kupumzika, sehemu ya mito, toka mwanzo Léontine ameniwekea mito, mmoja wa kukalia na mitatu ya kichwa, iliyopangwa kama mnara, nikawa ninaegemeza kichwa changu pale juu nikiwatazama wenzangu waliojikunja chini kama maharage, halafu mmoja akauondoa, sijui lini, na mwingine, na ule wa kukalia, ukabaki mmoja tu wenye foronya ya maua, ninaushusha mwili, magoti yanakunjika, tumbo linatafuta nafasi yake kati ya mapaja, linaipata, ninanyoosha mikono mbele, ninashusha kichwa nikingojea mto, ninashusha, mto uko wapi, ninafungua jicho moja, Christelle ameuchukua, ameulalia mwanamke huyu, ana kiuno cha msichana na bado anataka mto wangu, nitamwambia, nitamwambia leo kabla sijaondoka, ninashusha bado nikiwa na hasira, na kitu kinagusa paji la uso wangu, kigumu, chenye joto, kinanuka mpira na vumbi, na kwa kitambo sielewi ni nini... ni chini. Ni sakafu. Paji la uso langu liko chini. Pua yangu iko chini. Ngoja, usitikisike Shamira, ngoja uhakikishe, viganja chini, ndiyo, magoti mawili, ndiyo, vidole vya miguu, pua, paji, vyote, hakuna mto, hakuna kiti, hakuna mtu aliyenishika kwapa, Kamisi sasa ana miaka tisa, miaka tisa sijaiona ardhi kwa karibu hivi, ya Allah, na hii siyo swala, ninajua, sina udhu, sijui hata kibla kiko upande gani humu ndani, lakini mwili ni huuhuu, ndio utakaokwenda Koboko, na baba, baba mwanajeshi aliyeswali kama anayekaguliwa na jenerali, alikuwa akinipitia nyuma nikiwa mdogo, ananibonyeza kisogo kwa kidole, paji liguse, Shamira, usimwibie Mungu, baba njoo uone, limegusa... kumbe wakati wote nilikuwa ninalitazama tumbo tu, asubuhi tumbo, kwenye kioo tumbo, na huku magoti yalikuwa yanafanya kazi yao kimya, nyonga zinafunguka, mgongo unarefuka, mapafu, hata ngazi za sokoni siku hizi ninapanda huku ninaongea, mbona sikuona, nani aliniambia nitazame sehemu moja tu, na uzito uko palepale, sawa, haujaondoka, nimeshuka nao wote, kilo kwa kilo, hakuna hata moja niliyoiacha juu, na wote umefika chini nami, mzima, na dawa zangu za presha nitaendelea kumeza, na majani ya dodo nitakula kwa sababu kumbe ninayapenda, ila Jumapili nitakaa na wanangu nimege enyasa... mabega yanaanza kutetemeka, ninasikia miguu ya Léontine inakuja, anainama, Mama Kamisi, iko nini, unalia, nimekuumiza, nami ninaongea na mkeka, silii dada, ninacheka, naye haelewi, ananiwekea kiganja mgongoni, chepesi, anauliza, mto wako iko wapi, nikuletee, ninasema usilete, anasema Christelle, rudisha mto ya mutu, ninasema mwachie, mwachie kabisa, alale nao, na ninacheka tena mpaka jasho linaniingia mdomoni, chumvi tupu, tamu, na Jumamosi nitasimama katikati ya safu, sio mwisho, katikati, kati ya Mama na mke wa Nasiri, bega kwa bega, na imamu akisema Allahu Akbar nitashuka na wenzangu na kuinuka na wenzangu, na Mama atanitazama kwa pembeni, ninajua atanitazama, Mungu amsamehe, hatajizuia... na Jumatatu nitakuja tena, bila shaka nitakuja, nilisema nini kuhusu kukunja mkeka, nani alisema... inuka, ba-mama, polepole, Léontine anasema, kichwa mwisho, na pande zote ninasikia wanawake wanainuka, viungo vinalia, Christelle anapiga chafya, mabati yanatoa mlio juu yetu, Mama Kamisi, na wewe, inuka, nami ninajua nitainuka, magoti yananiambia yako tayari, lakini bado dada, hewa inaingia inatoka, paji liko chini, niache hapa kidogo, bado.