Isale Lililovuka Bahari

Ndelilio, mwongoza wageni mlimani, alikuwa amepanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara mia tatu na ushee, lakini kuogelea hakuwahi hata mara moja. Maji aliyoyajua yeye ni ya mfereji wa migombani na ya beseni la kuogea. Kwa hiyo Julai ya mwaka 1999, alipotangaza pale kijijini kwake Masama kwamba anakwenda visiwa vya Mafia, kule wageni wanakozamia baharini kutazama samaki, majirani walidhani mzee kaanza kuchanganyikiwa. Miaka sitini na miwili, halafu anatafuta kuzama!

Mkewe, Elisifa, ndiye aliyejua anachokifuata. Kitinda mimba wao, Ebenezeri, alikuwa huko mwaka wa tisa sasa, akiongoza wageni chini ya maji. Barua alimwandikia mama yake, na salamu za baba hazikuwamo. Krismasi tisa zilikuwa zimepita bila yeye. Na mtu wa Masama asiporudi nyumbani Krismasi, watu huuliza kama amekufa au amefungwa, maana sababu ya tatu hawaijui.

Ebenezeri alikuwa nayo ya tatu, nayo ni baba yake mzazi.

Mwaka 1990, kijana akiwa na miaka kumi na tisa, Ndelilio alimchukua mlimani kubeba mizigo ya wageni. Walipofika kambi ya mwisho chini ya kilele, Ebenezeri alisema kichwa kinampasuka na anaona vitu viwili viwili. Kila aliyefanya kazi ile anajua dawa yake: geuka, shuka, sasa hivi. Ndelilio mwenyewe alishawageuza wageni wengi kwa dalili ndogo kuliko hizo. Lakini huyu hakuwa mgeni, alikuwa mwanawe, na wapagazi wote walikuwa wanatazama.

"Mtoto wa Ndelilio hageuki," alisema. Wapagazi wakacheka, kijana akapanda.

Hakufika mbali. Alishushwa kwa machela, hajitambui, akalazwa hospitali wiki tatu. Baba yake akaendelea na wageni mpaka kileleni, akarudi, akasimama kando ya kitanda na kumwambia, "Umeniaibisha." Mdomo wa kusema neno kama hilo mtu anautoa wapi? Lakini alilisema, na kijana alipopona akaondoka.

Sasa Ndelilio alikuwa amezeeka, na aibu ile ilikuwa imehama upande. Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe amsamehe, arudi nyumbani Krismasi kama watoto wa watu.

Uchagani kosa kubwa lina njia yake. Unakata isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Aliyeletewa isale hakatai. Shida ni kwamba aghalabu mtoto ndiye humpelekea baba, na Ndelilio alizunguka na jambo hilo wiki nzima kabla ya kumwuliza mkewe kama haifai kumtuma mchungaji.

"Baba Ebene," alisema Elisifa, akimenya ndizi bila kuinua macho, "aliyekosa ni mchungaji?"

Basi akalikata mwenyewe, akalifunga fundo, akalizungushia jani kavu la mgomba na kulitia chini kabisa ya mfuko, juu yake ndizi mshare. Akapanda basi hadi Dar es Salaam. Huko alisubiri boti siku tano kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka, na ilipopatikana, ilimtapisha njia nzima hadi Kilindoni, bandari ya Mafia.

"Shikamoo, baba," alisema Ebenezeri gatini; mama yake alikuwa ameshamwandikia.

"Marahaba."

Kijana, ambaye sasa alikuwa mwanaume mpana wa mabega na watu wa kisiwani walimwita Mchaga, alimpokea kwa heshima zote. Alimpa kitanda chake. Alipika zile ndizi. Alimsimulia habari za kasa na za papa potwe, samaki mkubwa kama lori asiyemdhuru mtu. La nyumbani hakuuliza hata moja. Siku tatu mkono wa Ndelilio uliingia mfukoni ukaligusa jani, ukatoka mtupu. Heshima ya mwanawe ilimwuma kuliko matusi.

Siku ya nne akasema, "Nipeleke huko chini nikaone kazi yako."

Ebenezeri alimfundisha asubuhi mbili, katika maji ya kiunoni, kupumua kwa mpira wa mtungi wa hewa na kubana pua ili kuzibua masikio. Akamfundisha na ishara. "Masikio yakiuma, unagusa sikio, unatikisa kiganja hivi. Tunageuka palepale. Huku hakuna cha mwanaume wala nini, baba. Anayeumwa anasema."

Ndelilio aliitikia kwa kichwa. Neno hilo lilimwingia likakaa.

Wakashuka, mkono wa baba ndani ya mkono wa mwana, wakifuata kamba ya nanga. Chini kulikuwa na matumbawe ya zambarau na manjano, na samaki wadogo wakiingia na kutoka humo kama watu wa soko la Bomang'ombe. Kasa mmoja alikuwa anatafuna majani bila haraka, akawatazama, akaendelea kula. Kwa dakika nzima Ndelilio alisahau hata alichokijia.

Kisha sikio la kushoto likachoma kama msumari. Alibana pua, halikuzibuka. Ishara aliijua, lakini hakuitoa. Juu kulikuwa na mabaharia wawili waliojua kwamba ni mzee wa Kilimanjaro, na mzee wa Kilimanjaro akauma meno akaendelea kushuka.

Ebenezeri akasimama. Akamsogelea, akamtazama ndani ya miwani ya maji, akamgeuza. Akampandisha polepole, kituo kwa kituo, mpaka kwenye boti.

"Sikusema kitu," alisema Ndelilio, akihema. "Umejuaje?"

"Nimekutazama macho. Wewe ndiye uliyenifundisha, baba. Mgeni husema uongo mdomoni, machoni hawezi."

Hapo Ndelilio alilia, mbele ya mabaharia wote wawili, na wala hakujifuta.

"Na mimi nilikutazama macho siku ile," alisema. "Niliona, Ebene. Niliona kabisa, nikakupandisha."

Mzee akavuta mfuko, ambao alikuja nao botini, akafungua jani la mgomba. Isale lilikuwa limekauka, limegeuka rangi ya udongo, na alipolinyoosha kwa mikono miwili fundo likakatika. Akabaki na vipande viwili.

Mwanawe alivitazama.

"Isale kavu halipokelewi, baba."

Ni kweli, halipokelewi, na Ndelilio alilijua hilo tangu utoto. Ebenezeri akainama, akaanza kusuuza miwani ya maji, moja baada ya nyingine.

"Bichi liko Masama," alisema, bado ameinama. "Nitalifuata Krismasi."

Tangu tarehe ishirini Desemba Ndelilio alikata jani jipya kila asubuhi, na kila jioni akalitupa. "Utamaliza mpaka wote, majirani wahamie kwetu," Elisifa alimtania. Tarehe ishirini na nne, watu wakitoka kanisani, mwanaume mpana wa mabega alionekana akipanda njia na begi begani.

Ndelilio hakumsubiri mlangoni. Alimfuata mpakani, mbele ya watu wote, na kati yao walikuwamo wapagazi wawili wa mwaka ule. Akamnyooshea isale bichi kwa mikono miwili. Ebenezeri akalipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Ndelilio alifungua mdomo aitikie, machozi yakamtangulia. Ebenezeri akamtazama macho, akasubiri.