Damu ya Kurudisha

Kina mama wa mtaani kwetu wakipita njia ya reli hubana pochi kwapani kama wamebeba yai, na sisemi wanakosea, maana simu zinanyakuliwa na mikufu inakatwa shingoni. Lakini mimi ni muuguzi wa chumba cha kushonea majeraha, na kina mama hao huwaona kwa nadra. Wanaoletwa kwangu wakiwa wamechanwa ni vijana wa kiume, tena wale wale wanaoogopwa. Na aliyewachana, ukiwabana, ni mtu wanayemjua kwa jina la utani, wamecheza naye mpira, pengine wamekula naye sahani moja. Anayekatwa leo, kidonda hakijakauka vizuri utamkuta amerudi, au amesababisha mwingine aletwe.

Huwa nawasema. Sindano ikiingia na mdomo unaingia. Nawauliza kama wamesikia mahali ngozi inauzwa kwa mita. Wananiita Dada Mdomo, na siwalaumu.

Siku aliyoletwa mdogo wangu, mdomo wenyewe uliishiwa maneno. Kitinda ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu, na jina hilo lilimganda tangu akitambaa. Anaosha magari. Aliletwa mchana kweupe juu ya pikipiki, wenzake wamembana katikati asianguke, mguu mzima wa suruali umelowa damu. Alikuwa amechomwa kisu pajani. Nilikikandamiza kidonda kwa viganja vyote viwili mpaka daktari akafika, na Kitinda akawa ananitazama tu, midomo imepauka.

"Dada, usimwambie mama," akasema.

Nikamwambia anyamaze. Kwa mtaa wetu ulivyo, mama alikuwa ameshaambiwa kabla pikipiki haijaingia getini.

Wakampeleka chumba cha upasuaji. Daktari akanieleza kwamba mshipa umeguswa, damu nyingi imepotea, wataongeza iliyoko kwenye akiba na ndugu tutairudisha. Ndio utaratibu wa hospitali yetu: damu ikitumika kwa mgonjwa wenu, mnaleta watu wa kutoa nyingine, ili kesho mgonjwa wa mwenzenu asikute friji tupu.

Nilitoka nje kutafuta ndugu, nikawakuta wenzake wa kuosha magari wamejaa kwenye benchi. Mkubwa wao alikuwa Chuma, kijana mwenye mabega ya kubeba injini. Hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wameinamiana vichwa wananong'ona, na mnong'ono ule mimi naujua kama ninavyoujua mlio wa mlango wa nyumbani. Nilisikia jina la Kipara, kijana wa ng'ambo ya reli, kwamba ndiye aliyeshika kisu. Nikasikia wakitaja nyumba ya mama yake.

Nilijua kitakachofuata, maana nimekiona mara nyingi. Wataondoka pale, na kabla jua halijatua mtu mwingine ataletwa mezani kwangu, au atapitishwa moja kwa moja kwenda kule chini kusikohitaji muuguzi. Kisha wenzake huyo nao watakaa kwenye benchi hili hili na kuinamiana vichwa. Na Kitinda, hata akitoka mzima, ndiye watakayeanza naye.

Mama akatokea kwenye ukumbi, hanga mbili za nguo bado ziko mkononi. Mama yangu ni mfupi, anauza mitumba, na yeye na goti lake la kushoto hawajapatana miaka mingi.

"Yu hai?" akaniuliza.

"Yuko hai, mama. Wanamshona ndani."

Alifumba macho, akayafumbua. Nilidhani atakaa chini alie, nami nilie naye. Badala yake akawageukia wale vijana, akawatazama kama anavyoitazama nguo kabla hajainunua, mishono yote mpaka pindo.

"Hawa wanaondoka saa ngapi?"

"Mama, getini kuna askari."

"Askari anazuia wanaoingia," mama akasema. "Hawa wanatoka."

Akanikabidhi hanga zake, akawaendea.

"Wanangu, poleni," aliwaambia. "Mwenzenu amepewa damu ya watu, na sisi tunatakiwa kuirudisha. Mimi umri umenitupa mkono, hawataki yangu. Sasa nani ni rafiki yake kweli?"

Wakatazamana. Kukataa hakukuwezekana, maana angeanza nani? Wakainuka mmoja baada ya mwingine, na mama akawaswaga mbele yake kuelekea chumba cha kutolea damu kama mwalimu anayepeleka darasa msalani. Mlangoni akavuta kiti, akakaa, akaziba njia.

Ningekuwa na moyo wa kucheka siku ile ningecheka. Vijana waliokuwa tayari kwenda kuchinjana walikuwa wanaiogopa sindano. Mmoja alifunika uso kwa kofia, mwingine aliomba ashikwe mkono. Wakalazwa kwenye vitanda, mikono imenyooka, mifuko inajaa taratibu. Bwana wa maabara akawaambia kwa sauti yake ya usingizi kwamba wakimaliza wapumzike, wanywe maji mengi, na leo hakuna kukimbia wala kubeba kizito.

"Hebu rudia, baba," mama akasema, "masikio yangu mabovu."

Masikio ya mama yangu husikia sarafu ikianguka nyumba ya jirani. Bwana wa maabara akarudia kwa nguvu.

"Mmesikia?" mama akawauliza. "Atakayekimbia leo ataanguka njiani, na mimi sina nguvu ya kumbeba."

Nikasimama pale na hanga mkononi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Miaka yote nimefanya kazi mlango wa pili kutoka chumba kile, nimeona mnong'ono ukigeuka maiti, na sikuwahi kufikiri kwamba vitanda vile vinaweza kuwashikilia watu bila kamba wala pingu. Mama alikifikiria kitu hicho akiwa ndiyo kwanza ameingia, na mtoto wake yuko chini ya kisu cha daktari. Nilimwogopa kidogo, nasema kweli. Nilimwogopa na kumstaajabia kwa pamoja.

Ila Chuma hawakumtaka. Bwana wa maabara alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akatikisa kichwa, akapima tena.

"Huyu iko juu sana. Hatoi."

Yaani hasira zenyewe ndizo zilizomfungulia mlango. Chuma akashusha mkono wa shati, akajipenyeza kando ya kiti cha mama, akashika ukumbi kuelekea getini. Nikaliona shati lake lilivyotuna kiunoni upande wa kulia, nikajua ameficha silaha. Nikataka kumwita, mama akaniwahi.

"Chuma, mwanangu," mama akaita, bila haraka. "Unakwenda wapi?"

"Natoka kidogo tu, mama."

"Ng'ambo ya reli?"

Akatazama getini.

"Na mimi nakwenda huko huko. Goti linanisumbua, nipe mkono."

Nilisogea haraka. "Mama, nitakushika mimi."

"Wewe nifuate nyuma," akasema, na akauchukua mkono wa kulia wa Chuma, akauzungushia wake na kuuegemea kwa uzito wote. Sikatai, iliniuma. Mimi ndiye binti yake, tena kazi yangu ni kushika wagonjwa.

Nikaaga kwa mkuu wa zamu, nikawafuata. Tulikwenda kwa mwendo wa goti. Chuma, ambaye angefika kule mbio, alilazimika kusimama kila mama aliposimama kupumua, na mama alipumua sana siku ile. Wauza duka walimpa pole, naye akawa anawajibu mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba kijana huyu ndiye anayemsaidia. Kila alipomsifu, Chuma alizidi kuinama. Tukavuka reli.

Nyumba ya kina Kipara ilikuwa na mlango wa bati, umefungwa mchana kweupe. Mama akabisha, akasema yeye ni nani. Akabisha tena. Mlango ukafunguka kidogo, akatokea mwanamke wa umri wake, macho yamevimba, mguu mmoja ameukanyagia mlango usisukumwe.

"Hayupo," akasema. "Kama ni kuua, niueni mimi."

"Dada yangu, sikuja kumtafuta," mama akamjibu. "Nimekuja kukuambia kwamba mwanao hajaua mtu. Mwanangu yuko hai."

Yule mama akaangalia mdomo wa mama yangu kana kwamba maneno yatarudi ndani. Kisha mguu wake ukauachia mlango, akaketi chini pale pale, mgongo kwenye fremu.

Ndipo nilipoelewa. Sisi wote tulikuwa tunamfikiria yule anayetaka kulipa kisasi. Mama peke yake alimfikiria yule aliyejificha akidhani tayari ni muuaji, asiye na la kupoteza tena, na mama yake aliyekaa naye gizani.

Pazia la chumba likasogea, akatoka Kipara. Sijui nilitarajia nini. Alikuwa kijana mwembamba, uso umelowa machozi na makamasi.

"Kweli yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai," mama akasema. "Kesho utakwenda kituoni na mama yako, mwenyewe, kwa miguu yako. Nitakuwepo."

Akatikisa kichwa kukubali, na alipokiinamisha niliona kovu jipya juu ya sikio, kwenye ngozi iliyonyolewa. Fundi anaijua kazi yake. Mishono ile ilikuwa yangu. Mwezi uliopita nilimshona huyu, nikamsema, naye akashikilia kwamba ameanguka ngazi.

"Nani alikukata kichwani?" nikamuuliza.

Macho yake yalimpita mama, yakatua juu ya Chuma, na sisi sote tukageuka kumtazama.

Chuma alijaribu kuutoa mkono wake taratibu, mama akaukaza.

"Ni mimi, mama," akasema. "Kitinda hakumgusa. Alikuwa amesimama na mimi tu. Kisu cha leo kilipaswa kunipata mimi."

"Najua," mama akasema. "Kitinda aliniambia siku ile ile ulipomkata, nikanyamaza, nikidhani yatapita." Akauweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa Chuma. "Nina binti muuguzi nyuma yangu. Unadhani nilikosa mtu wa kunishika?"

Chuma akaweka paji la uso kwenye bega la mama yangu, akaanza kulia. Mama ni mfupi, Chuma ilimbidi ainame sana.